Kumwachia Mzee Kitambaa: Uuguzi Baina ya Unguja na Leipzig

Wauguzi vijana wa Unguja na Pemba wanaofikiria kwenda kufanya kazi Ujerumani huniandikia wakiniuliza kuhusu baridi, chakula na lugha, na wengine huulizia mshahara kwa kuzungukazunguka, kama ilivyo ada yetu ya kutotaja fedha mwanzoni mwa mazungumzo. Maswali hayo nayajibu, lakini majibu yake ni mafupi. Baridi ya Leipzig ni kali mwezi wa Januari na dawa yake ni koti zito na viatu vyenye soli nene. Mchele, tui la kopo na bizari vinapatikana madukani. Na lugha husomwa darasani hatua kwa hatua mpaka mtu apasi mtihani wa kiwango cha B2, ngazi ya nne kati ya sita. Jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo, na ambalo naona linastahili kuelezwa kwa kirefu, ni kwamba kazi ileile niliyoisomea nyumbani na kuifanya kwa miaka kadhaa imewekewa mipaka mingine huku, na kwamba utamaduni wa wenyeji hawa nimeuona kidogo katika sherehe na vyakula vyao, na nimeuona sana katika suala la nani anafanya nini kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nianze na karatasi, kwa kuwa hakuna anayezikwepa. Cheti cha uuguzi kilichotolewa nje ya Umoja wa Ulaya hakikufanyi kuwa muuguzi Ujerumani siku unayoshuka uwanja wa ndege. Nchi hii ina majimbo 16, na kila jimbo lina mamlaka yake inayokagua masomo ya mwombaji, ikilinganisha saa alizokaa darasani na alizofanya mazoezi wodini na zile zinazotakiwa na mtaala wa hapa. Kwa wengi wetu jibu huja likiorodhesha mapungufu, na hapo mtu huchagua moja kati ya mawili: afanye mtihani wa maarifa, wenye sehemu ya mdomo na sehemu ya vitendo wodini, au apitie kozi ya kujazia mapungufu, ambayo kwa mujibu wa sheria inaweza kufika hadi miaka 3. Muda wote huo unafanya kazi ukiwa msaidizi wa uuguzi, unavaa beji ya msaidizi, unalipwa mshahara wa msaidizi, na dawa za mgonjwa unazitazama zikitolewa na mwingine. Mtu aliyekuwa akishika zamu ya usiku katika wodi ya wazazi kisiwani, akizalisha na kushona, anajikuta akielekezwa namna ya kutandika mashuka na kijana aliyemaliza chuo juzi. Silalamiki, mamlaka inayolinda wagonjwa wake ina haki ya kujua ni nani anayeshika sindano. Nalitaja kwa sababu wengi huondoka nyumbani wakijua kwamba kuna mtihani mbele yao, lakini hawajui kwamba baina ya kufika na kufaulu mtihani huo kuna kipindi cha kuwa mdogo tena kazini, na nimewaona wenzangu wawili watatu, watu hodari kabisa, wakifunga mizigo na kurudi kwao kwa ajili ya kipindi hicho, si kwa ajili ya theluji.

Hata baada ya kutambuliwa, mipaka haikuwa ile niliyoizoea. Kwetu muuguzi ndiye anayetafuta mshipa, anayeweka kanula, yaani kile kimrija chembamba kinachoachwa ndani ya mshipa, anayetundika dripu, na mara nyingi ndiye anayeamua kwamba hali ya mgonjwa haisubiri, daktari aitwe sasa hivi. Stashahada yetu inafungamanisha uuguzi na ukunga, kwa hiyo mikono yetu imezoea mengi. Katika hospitali nyingi za Ujerumani, kuweka kanula na kutoa damu huhesabiwa kuwa ni kazi ya daktari, ambaye anaweza kumkabidhi muuguzi kazi hiyo iwapo imethibitishwa kwamba anaiweza. Na ukunga ni taaluma nyingine kabisa, ambayo tangu mwaka 2020 husomewa shahada ya chuo kikuu. Wauguzi wengi wanaotoka Kenya, Tanzania na Ufilipino huliona jambo hili kuwa ni kushushwa, na katika mazungumzo yetu ya mapumziko husemwa kwa uchungu kwamba tumevuka bahari ili tuje kuosha watu.

Mimi siafiki usemi huo, ingawa naelewa unakotoka. Sheria ya taaluma za uuguzi iliyoanza kutumika Ujerumani tarehe 1 Januari 2020 iliweka kando kazi fulani ambazo haziruhusiwi kufanywa na yeyote isipokuwa muuguzi aliyesajiliwa: kupima mahitaji ya uuguzi ya mgonjwa, kuupanga na kuuongoza utaratibu wa kumuuguza, na kutathmini ubora wa uuguzi huo. Daktari hana ruhusa ya kumtwika msaidizi kazi hizo, wala hawezi kuzifanya yeye mwenyewe badala ya muuguzi. Nyumbani tulikuwa na uwezo mkubwa wa vitendo na sauti ndogo ya maamuzi. Hapa nimepoteza kanula nikapewa kalamu, na kalamu hiyo ina uzito wake kisheria. Iwapo mgonjwa atapata kidonda cha kulalia kitakoni, swali la kwanza litakuwa ni lini muuguzi alipima hatari, aliagiza ageuzwe kila baada ya muda gani, na ni nani aliyeandika kwamba aligeuzwa. Jambo ambalo halikuandikwa huhesabiwa kuwa halikufanyika.

Kuosha watu, basi, kwa kuwa hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko penginepo. Katika hospitali zetu, mgonjwa huja na watu wake. Binti au mkwe hulala pembeni ya kitanda au barazani, asubuhi huja mwingine na chupa ya chai na bakuli la uji lililofunikwa kwa kitambaa, na ni ndugu hao wanaomwogesha mgonjwa, wanaombadilisha nguo na kumlisha. Muuguzi akipita akauliza iwapo mgonjwa ameshaoga, jibu hutoka kwa ndugu. Kwa hiyo pamoja na miaka yangu ya kazi, kumwogesha mtu mzima kitandani kuanzia utosini hadi kwenye nyayo ni jambo nililokuwa nimelifanya darasani na katika mitihani kuliko wodini. Leipzig nilikuta kwamba kila asubuhi baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu wodi nzima inaoga, na wanaoogesha ni sisi.

Utaratibu wenyewe una adabu zake. Unabisha hodi hata kama mlango uko wazi. Unafunga dirisha, unamweleza mgonjwa unachotaka kufanya, unamwuliza maji ayapende ya moto kiasi gani, kisha unamwacha ayaguse mwenyewe kabla hujachovya kitambaa. Kitambaa kimeshonwa mfuko wa kuingiza mkono. Uso huoshwa kwa maji matupu, kwa kuwa wengi hawataki sabuni machoni, na mwili hufunuliwa sehemu baada ya sehemu, mkono mmoja ukioshwa na kukaushwa mwingine ukiwa umefunikwa taulo. Sehemu za siri huachwa mwisho, maji yakiwa yamebadilishwa, na kama mgonjwa anaweza kufika mwenyewe hupewa kitambaa na wewe ukamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimeogopa sana sehemu hii ya kazi, mimi mwanamke wa Kiislamu kumwogesha mwanamume asiye mahram wangu, na kabla ya kusafiri nilikwenda kumwuliza shekhe wetu wa mtaani, aliyenijibu kwa upole kuhusu dharura na mipaka yake. Huku niliwaeleza wenzangu waziwazi tangu mwanzo, na tunabadilishana inapowezekana, muuguzi wa kiume akamchukua mzee, mimi nikamchukua bibi wa chumba cha pili, jambo ambalo hata wagonjwa wengi hulifurahia. Inapokuwa haiwezekani, nafanya. Nilichokikuta ni kwamba stara inalindwa hapa kwa ukali ambao sikuutarajia kwa watu ambao wakati wa kiangazi hulala uchi kando ya maziwa yao bila ya kujali nani anapita.

Lakini kilichonishughulisha zaidi hakikuwa stara. Katika wiki za mwanzo nilipangwa na muuguzi mmoja wa makamo, mwanamke mkavu wa maneno, aliyekuwa akimhudumia mzee aliyepatwa na kiharusi kilicholegeza upande wake wa kulia. Alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda, akamwekea beseni mbele yake, akamvisha kitambaa mkono wa kushoto, kisha akasimama kimya mikono ameishusha. Mzee aliinua mkono, ukaenda kombo, maji yakamchuruzika shingoni mpaka kwenye fulana, akaanza upya. Alifuta jicho moja. Akapumzika. Akafuta kidevu, paji la uso akalisahau. Wakati huo wote yule muuguzi hakugusa chochote isipokuwa kiwiko cha mzee mara moja, kukielekeza. Mimi ningekuwa nimeshamaliza kumwogesha mwili mzima na kumvisha nguo kavu, na nafsini mwangu nilikuwa nikisema kwamba huu ndio ule ugumu wa roho tuliokuwa tukiusikia kuhusu Wazungu, mtu mwenye umri wa baba yako anahangaika na wewe umesimama unamwangalia.

Maelezo yalikuja baadaye kwenye ofisi ya wauguzi, tena kwa ufupi. Mzee huyu alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofa ya tatu na alitaka kurudi huko. Mkono unaooshewa uso kila siku na mtu mwingine husahau kazi, na baada ya wiki chache za huduma njema mzee angetoka hospitali akiwa hawezi hata lile aliloliweza alipoingia. Ndipo nilipoanza kuzielewa fomu tulizokuwa tukizijaza: uso: mwenyewe; kifua: mwenyewe kwa kuelekezwa; mgongo na miguu: muuguzi. Bima ya utunzaji, ambayo Ujerumani iliianzisha mwaka 1995, tangu mwaka 2017 inapanga watu katika daraja 5, na kinachopimwa ni kiasi gani mtu anaweza kujitegemea katika kutembea, kula, kujisafisha, kuelewa na kupanga siku yake. Nchi imejenga mfumo mzima juu ya swali hilohilo ambalo yule muuguzi alikuwa akimwuliza mzee kwa beseni la maji.

Kwa mtu aliyelelewa Unguja jambo hili linagusa mahali pa ndani sana. Sisi tumefundishwa kwamba mzee hachoti maji ilhali mjukuu yupo, na kwamba kumwachia mkubwa wako afanye kazi unayoweza kumfanyia ni utovu wa adabu ambao majirani watauzungumza. Heshima kwetu ni kupokea mzigo. Hapa heshima ni kutoupokea mapema. Sidhani kama njia moja imezidi nyingine katika kila hali. Nimeshuhudia wagonjwa wa hapa waliokuwa wamechoka kwelikweli, watu walioingia siku zao za mwisho, wakiendelea kuhimizwa wajitahidi na muuguzi kijana aliyekariri somo lake vizuri kupita kiasi, na hapo mkono wa Kizanzibari unaochukua kitambaa bila ya kuuliza ndio uliokuwa ukihitajika. Kuijua saa ya kuacha na saa ya kuchukua ndiyo kazi yenyewe, na katika jambo hili naona kwamba sisi tuliotoka mbali tuna la kuchangia, tukishamaliza kujifunza la wenyeji.

Namna ya kuitana nayo ilinichukua muda. Nyumbani mgonjwa mtu mzima ni mama, baba, bibi au mzee, na kumwita kwa jina lake tupu ni dharau. Hapa bibi wa miaka 85 ukimwita bibi kwa lugha yao, hata kwa sauti ya upendo, muuguzi mkuu wa wodi atakuita pembeni, kwa kuwa anahesabu kwamba umemfanya mtu mwenye jina, taaluma na maisha yake kuwa ajuza asiye na nafsi. Ataitwa kwa jina la ukoo, likitanguliwa na neno la heshima, na atasemeshwa kwa nafsi ya heshima hata kama amesahau yeye ni nani. Wenzako kazini, kinyume chake, huitana kwa jina la kwanza, hata aliyekuzidi miaka 30, mara tu mkubwa atakapokuruhusu. Na ni yeye anayeruhusu, si wewe. Ulimi wangu ulikataa kwa muda mrefu kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina lake kavu, na hadi leo kuna mmoja ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi. Naye ameshajifunza kuitikia marahaba, kwa lafudhi ya Sachsen, jimbo ulipo mji wa Leipzig.

Wagonjwa wa Leipzig walio wazee wamekulia katika ile iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na hapo nilipata bahati ambayo mwenzangu aliyepelekwa magharibi ya nchi hakuipata. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, mara tu baada ya Mapinduzi, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wao. Wazee kadhaa wanalijua jina la kisiwa chetu kwa sababu hiyo, na mzee mmoja aliyekuwa fundi wa ujenzi alinitajia Kikwajuni kabla sijamtajia mimi, akauliza iwapo mabomba ya maji bado yanafanya kazi. Nilimwambia ukweli kuhusu mabomba. Kutoka hapo hakunihesabu tena kuwa mgeni.

Kuna suala la kukosolewa, ambalo wengi wanaotoka pwani hulipata kuwa chungu. Kwetu mkubwa wa kazi akitaka kukurekebisha hukuita faragha, huanza na habari za nyumbani, hukusifu kidogo, kisha hulipitisha lake kwa mbali, na wewe ukiwa na akili unalichukua. Hapa utaambiwa kwenye korido, mbele ya mwanafunzi na mfanyausafi, kwamba bendeji hii imefungwa vibaya, ifunguliwe, ifungwe upya hivi. Sauti haipandi wala matusi hayamo. Nusu saa baadaye mtu huyohuyo atakukatia keki yake ya siku ya kuzaliwa, kwa kuwa huku mwenye siku yake ndiye anayeleta keki, na atashangaa kwa dhati akiona umenuna. Inachukua muda kuamini kwamba kilichosemwa kuhusu bendeji kilihusu bendeji. Nakiri kwamba wapo wenyeji wanaoutumia uwazi huo kuwa kisingizio cha ukavu wa tabia, na wenzao wanawajua na hawawapendi. Si kila neno kali la Mjerumani ni utamaduni, mengine ni ya mwenyewe.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mzito zaidi, nao ni itiko letu la ndiyo. Mtoto aliyelelewa vizuri pwani humwitikia mkubwa kwanza, kisha hutafuta kuelewa. Daktari akitoa maagizo kwa simu, kwa haraka, kwa lafudhi, na wewe ukaitikia ndiyo kwa ajili ya adabu, dawa itakayoingia mwilini mwa mgonjwa ni ile uliyoidhania. Sheria ya hapa inagawa dhamana: daktari anabeba dhamana ya kuagiza, muuguzi anabeba dhamana ya kutekeleza, na aliyetekeleza jambo aliloliona kuwa si sahihi hatasalimika kwa kusema aliagizwa. Kwa hiyo kurudia kipimo cha dawa kwa sauti, kusema sijaelewa, kusema kipimo hiki naona ni kikubwa, hayo yote ni wajibu, na muuguzi anayeyasema huaminiwa. Wasimamizi wa hapa hupata taabu sana na wageni wapole wanaotabasamu na kuitikia, kwa sababu hawajui walichokishika. Ningeulizwa nitaje jambo moja tu la kulifanyia mazoezi kabla ya kupanda ndege, ningelitaja hili, na ningeshauri lifanyiwe mazoezi kwa Kiswahili kwanza, mbele ya watu unaowaheshimu.

Wakati nao umezungumzwa mno na kila anayeandika kuhusu Ujerumani, kwa hiyo nitalitaja jambo moja tu ambalo halitajwi. Kuwahi kabla ya zamu si kuipenda saa. Mtu unayempokea ana mapumziko yake yanayohesabiwa: kwa kawaida sheria inataka saa 11 baina ya mwisho wa kazi na mwanzo wa kazi inayofuata, nazo hospitalini zinaweza kupunguzwa kwa saa moja tu, tena kwa masharti ya kufidiwa. Ukichelewa, umekula katika usingizi wa mwenzako, na ndivyo atakavyoliona. Ugonjwa nao huchukuliwa kwa mtazamo huohuo. Nyumbani anayekuja kazini na homa husifiwa kwa moyo wake. Hapa aliyekuja akikohoa wodini atarudishwa kwake kwa kukemewa, kwa sababu mwajiri analazimika kuendelea kumlipa mfanyakazi mgonjwa hadi wiki 6, na anayejikongoja mbele ya wazee wenye mapafu dhaifu hajamsaidia mtu.

Ndugu wa mgonjwa ndio walionifundisha kunyamaza. Kisiwani habari za mgonjwa ni za ukoo mzima. Mjomba akipiga simu kutoka Chake Chake ataambiwa, na asipoambiwa atauliza umefichwa ugonjwa gani. Hapa kutoa siri ya mgonjwa bila ya idhini yake ni kosa la jinai, na mtoto wa kumzaa akipiga simu wodini hujibiwa kwa heshima kwamba amwulize mgonjwa mwenyewe, au asubiri mpaka ijulikane kwamba mgonjwa ameridhia. Wengi wa wagonjwa pia wameandika maelekezo ya nini kifanywe na nini kisifanywe siku watakapokuwa hawawezi kusema, jambo linalotambuliwa na sheria tangu mwaka 2009, na hati hiyo ina nguvu kuliko machozi ya mtoto. Nimesimama na binti aliyetaka mama yake awekewe mpira wa kulishia ilhali mama alikuwa ameukataa kwa maandishi miaka mingi kabla. Kwetu neno la binti lingepita.

Hapa nataka nipinge kidogo habari inayopendwa sana vibarazani kwetu, kwamba Wazungu huwatupa wazee wao. Kwa takwimu za serikali yao, mwishoni mwa mwaka 2023 Ujerumani ilikuwa na watu takriban milioni 5.7 wanaohitaji kutunzwa, na zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa wakitunzwa majumbani, wengi wao na mume, mke au mtoto. Tunaowaona sisi hospitalini na katika nyumba za wazee ni wale ambao familia imefika mwisho wa uwezo wake, na binti anayekuja kwa saa moja jioni mara nyingi ametoka kazini na ana mama mkwe naye wa kumtunza nyumbani. Hii haimaanishi kwamba upweke haupo. Upo, na siku ya Jumapili alasiri korido huwa kimya kwa namna ambayo hospitali za kwetu haziijui. Ila kuuelewa ni kazi tofauti na kuuhukumu, na muuguzi aliyekuja na hukumu yake mfukoni huonekana usoni, hata na wagonjwa.

Kifo kikitokea, wauguzi wa hapa hufungua dirisha, wakasimama kidogo, kisha wakaendelea. Mimi humfumba marehemu macho na kumsomea kimoyomoyo maneno ninayoyajua, bila ya kuuliza mtu na bila ya kumlazimisha mtu, na hakuna aliyewahi kunizuia. Mazishi yanaweza kusubiri wiki nzima au zaidi, na hilo sijalizoea.

Kuhusu ibada na sikukuu, tumefikia makubaliano ambayo yanakwenda vizuri isipokuwa kwa jambo moja. Wajerumani huithamini mno jioni ya tarehe 24 Desemba, na siku mbili zinazofuata ni mapumziko ya nchi nzima, hivyo kila mwaka kunazuka mvutano wa nani atashika zamu. Mimi huandika jina langu mapema kwa siku zote tatu, nikaonekana mtu mwema kupita stahili yangu, na badala yake huomba Idi. Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye hupanga ratiba wiki nyingi kabla na huipenda ratiba yake, aliniuliza mara ya kwanza Idi ni tarehe ngapi. Nikamjibu kwamba ni Ijumaa au Jumamosi. Akauliza ni ipi kati ya hizo. Nikamweleza kwamba hilo litajulikana usiku wa kuamkia siku yenyewe, mwezi ukiandama. Akauliza ni ofisi gani inayotoa uamuzi huo ili aipigie simu, na nilipoanza kumfafanulia kwamba hata kwetu wenyewe kuna wanaofuata mwandamo wa kwao na wanaofuata wa kwingineko, na kwamba imewahi kutokea nyumba moja ikala Idi siku mbili, aliweka kalamu chini. Sasa huniandikia siku zote mbili kuwa mapumziko, na ile ya ziada naifidia kwa zamu ya mkesha wa mwaka mpya, ambayo hakuna mwingine anayeitaka kwa sababu ya fataki na walioungua vidole.